Wimbo Uliotanguliza Mkia

Bendi ilikuwa ya watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mpiga kinanda aliitwa Profesa kwa sababu ya miwani tu, maana shule aliiacha mapema na shule nayo haikumtafuta. Mpiga gitaa aliitwa Kimya, kwa kuwa hakuacha kusema hata akiwa anapiga mswaki. Mpiga besi alikuwa msichana, mziwanda wa mama yake, wakamwita Kitinda. Mpiga ngoma alikuwa kaka yake, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyohiyo, na huyo watu wote walimwita Kaka, hata Profesa aliyemzidi umri.

Walipiga roki, lakini si roki ya kurukaruka. Yao ilikuwa ya kukaa ukasikiliza kama unayesimuliwa hadithi: nyimbo ndefu zinazokata kona bila kuonya, na midundo inayokwenda kwa mapigo saba au kumi na moja badala ya manne, kiasi kwamba ukijaribu kuicheza mguu mmoja unabaki hewani ukiuliza zamu yake lini. Watu wengi hawakuitaka. Wao wanne hawakutaka nyingine.

Mwaka huo Profesa alikuja na wazo kwamba albamu nzima iwe hadithi moja. Aliiita Kisima. Mtu anachimba kisima uani kwake, anasikia kuna anayegonga kutoka chini, naye anazidi kuchimba ili amfikie. Kila wimbo unashuka kuliko uliotangulia. Wa mwisho, "Maji", uliujaza upande wa pili wote wa santuri. Ulianza kwa vyombo vyote kwa pamoja, halafu kimoja baada ya kingine vikaondoka, mpaka ikabaki ngoma ya Kaka peke yake ikigonga polepole.

"Sasa anayegonga ni nani?" Kitinda aliuliza siku ya kwanza.

"Sikiliza, utajua," Profesa akajibu huku akifuta miwani.

Jibu hilo halikumtosha. Kitinda tangu utotoni alikuwa mtu wa kuchungulia: sufuria iliyofunikwa, mlango uliorudishwa, mazungumzo ya wakubwa. Mama yake alizoea kusema kwamba siku akifa mtu, watamkuta huyu binti anainua shuka aone kama ni kweli.

Studio yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya karakana ya ushonaji. Kutani walibandika trei za mayai na vipande vya magodoro ili sauti zisirukeruke, lakini cherehani za jirani hazikujali trei wala godoro. Kwa hiyo walirekodi pale mafundi cherehani walipokwenda kula. Siku moja fundi mmoja alishiba upesi, akarudi kuwahi pindo la suruali ya mteja, na mlio wa cherehani yake ukaingia katikati ya wimbo wa tatu. Kimya alitaka warudie. Profesa akasikiliza, akafumba macho, akasema hiyo ndiyo sauti ya kamba ya ndoo inavyopita kwenye roda, hata angeitafuta asingeipata. Ikaachwa.

Aliyesimamia mitambo alikuwa Bi Mkanda, mwanamke wa makamo asiyetoa kicheko bure, mwenye wembe wa kukatia mkanda kwenye mfuko wa kifuani. Alikuwa na sheria zake. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mkanda ukishapigwa mpaka mwisho haurudishwi nyuma, unawekwa hivyohivyo, mkia nje na kichwa ndani, yaani mwisho wa wimbo nje na mwanzo wake ndani. Anayetaka kuusikia ataurudisha mwenyewe, na kule kurudishwa kunaupa mkanda nafasi ya kupumua. Juu ya kila sanduku aliandika kwa wino mwekundu: MKIA NJE.

Katika siku hizo za kurekodi, kilichomshughulisha Kitinda kuliko huyo mgongaji wa kisimani kilikuwa Kaka. Alikuwa ameanza kupiga ngoma pekupeku. Spika ya besi aliivuta mpaka ikagusana na kigoda chake, sakafu ikawa inatetemeka chini ya nyayo zake. Na kila mara alimtaka Kitinda asimame palepale, mbele yake, wala si pembeni.

Walipofika kwenye "Maji", Bi Mkanda alisimamisha godoro kati ya besi na ngoma ili sauti zisichanganyike. Ni kazi ya kawaida, kila studio hufanya. Kaka alianza vizuri, kisha kwenye kona ya kwanza akapotea kabisa, yeye ambaye hakuwahi kupotea. Wakarudia, akapotea palepale.

"Ondoeni hilo godoro," akasema. "Nikiliona nasinzia."

Wote wakacheka isipokuwa Bi Mkanda, aliyesema sauti zitaingiliana kama supu. Kaka akashikilia. Godoro likaondolewa, wimbo ukapigwa mara moja tu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na ulipokwisha hata Bi Mkanda alikaa kidogo kabla ya kuzima mashine. Kitinda alimtazama kaka yake akijipangusa jasho, akajiuliza godoro linamfanya nini mtu.

Nyumbani nako kulikuwa na mambo. Mama alimwita Kaka mara moja, mara mbili, mara tatu, naye yuko palepale anakunywa chai. "Sikio la kufa halisikii dawa," mama akanung'unika, akaenda kumgusa bega. Kaka akatabasamu, akasema amechoka.

Mikanda ikapelekwa kiwanda cha santuri. Baada ya muda mkataji wa huko, yaani fundi anayehamisha sauti kutoka kwenye mkanda kwenda kwenye sahani, alipiga simu. Alikuwa na swali la adabu tu: kwenye wimbo wa tatu kuna kelele ya cherehani, je, aipunguze? Profesa alimpandishia sauti. Alimwambia hiyo ni sanaa, akate kama alivyoletewa, na asimsumbue tena kwa maswali. Mkataji akasema sawa mzee, akakata simu.

Mkanda wa "Maji" ulichelewa kwa sababu ya mambo ya godoro, ukapelekwa peke yake. Na hapo Profesa akaongeza lake. Sanduku la Bi Mkanda aliliona baya, limechakaa na limechafuliwa wino mwekundu, akauhamishia mkanda kwenye sanduku jipya alilolichora kisima kwa mkono wake. Lile la zamani Kimya akalichukua akawekea nyuzi za gitaa.

Santuri za kwanza zilifika Jumamosi mchana. Walikusanyika sebuleni kwa mama, ambako kulikuwa na gramafoni nzuri na zulia nene ambalo mama alilipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Kaka alikaa kwenye kochi. Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Mama aliuliza mara moja tu kama utaisha leo, na cherehani ilipolia alisema afadhali hapo anaelewa. Profesa akageuza santuri, akaweka sindano mwenyewe.

Kilichotoka hakikuwa "Maji". Kulikuwa na mvumo uliotoka mbali, ukakua, ukakua, ukakatika ghafla. Halafu mwingine. Gitaa lilipoingia lilikuwa linafyonza badala ya kulia. Sauti ya Profesa akiimba ilikuja katika lugha ambayo hakuna taifa linaloidai. Profesa alivua miwani, akaivaa, akaivua. Kimya, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alilitendea haki jina lake.

"Ndivyo ulivyo?" mama akauliza kwa upole, maana alishaona aibu kwenye nyuso zao.

Kitinda alikuwa amemgeukia Kaka. Kaka alikuwa amefumba macho, kichwa amekiegemeza, na kidole chake kinagonga goti kwa saba, kwa saba, kisha kumi na moja, kila kona mahali pake, akiufuata wimbo ambao haukuwa ukipigwa. Sauti ikazidi kujaa mpaka vyombo vyote vikawa vinanguruma pamoja, kisha vikakatika kwa mpigo. Kidole cha Kaka kiliendelea kugonga kwa muda, polepole, peke yake. Kikatulia. Akafumbua macho.

"Hapo mwisho nilipobaki peke yangu," akasema, "pametulia vizuri, au siyo?"

Santuri ilikuwa inazunguka bure. Kaka aliwatazama mmoja mmoja, na tabasamu likamwisha taratibu kadiri alivyozisoma nyuso. Mama ndiye aliyesogea kwanza. Alikaa karibu naye, akamshika masikio yote mawili kwa viganja vyake kama alivyomshika alipokuwa mdogo akiumwa mafua, na akalia bila kuficha, kwa sababu ya yale maneno ya sikio la kufa aliyoyasema mwenyewe kwa mdomo wake.

Jumatatu Profesa alipiga simu kiwandani. Mkataji alikuwa mtulivu. "Nilipouweka nikasikia unakwenda kinyumenyume," alisema. "Nikataka kuuliza. Nikakumbuka uliniambia nisiulize. Nikasema basi, hawa wameacha cherehani kwenye wimbo, hili nalo litakuwa sanaa." Bi Mkanda alipoelezwa aliuliza swali moja tu, sanduku lake liko wapi. Kimya akatoa nyuzi zake, akalileta, MKIA NJE ikisomeka bado juu yake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Santuri zilishasambaa madukani, na moja ilishafika redioni. Mtangazaji wa kipindi cha jioni akaupiga "Maji" wote, kisha akatangaza kwamba hajapata kusikia kitu kama hicho tangu aanze kazi. Alieleza kwamba mchimbaji ameshafika chini na sasa tunamsikia akipanda, na kwamba lugha ile ni lugha ya waliomo ardhini. Profesa alisikiliza maelezo hayo akiwa amejishika kichwa. Wiki hiyo watu waliulizia Kisima kuliko walivyowahi kuulizia chochote cha bendi ile. Wengine walisema ni uchizi mtupu. Mafundi cherehani walisema hauchezeki, lakini unasaidia ukiwa unafumua. Vijana wadadisi walianza kuizungusha santuri kwa kidole, kinyumenyume, wakitafuta ujumbe uliofichwa, na hao ndio watu pekee mjini waliousikia wimbo wenyewe.

Ukumbi mkubwa wa mji ukawaita wakapige Kisima yote jukwaani. Hapo ndipo hofu iliyokuwa imekaa kimya ikaanza kusema, kwa sababu kila mmoja alijua swali lenyewe na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliuliza.

Kitinda alimkuta Kaka studio anafungua skrubu za stendi za ngoma, anazikunja.

"Unazipeleka wapi?"

Hakujibu. Kitinda akazunguka akasimama mbele yake, akauliza tena.

"Nyumbani," akasema. "Profesa atafute mtu mwenye masikio."

"Tangu lini, Kaka?"

"La kushoto lilianza kabla ya Kisima. La kulia likamfuata mwenzake. Daktari kasema hayarudi. Nikaona nimalize hii kwanza, nife nimepiga kitu."

"Hakuna anayekufa hapa. Albamu nzima umepigaje?"

Kaka alimtazama kama mtu anayeulizwa anapokaa. "Nimekuangalia wewe. Vidole vyako vinafika kabla ya sauti. Kile cha kati kikinyanyuka, tumefika kwenye tano. Ukiuma mdomo, kona iko karibu. Nyingine inanijia miguuni kutoka kwenye spika yako. Kama si lile godoro na ile santuri, nani angejua?"

Kitinda alikasirika, na hasira yake ilikuwa na machozi ndani. Yeye aliyechungulia kila kitu, amekaa ndani ya macho ya kaka yake miezi yote hiyo asijue. Alitaka kumgombeza kwa kuficha, akaishia kuketi juu ya spika.

"Niambie kitu kimoja," Kaka akasema. "Huo uliogeuka, unasikikaje?"

"Unataka kujua kweli?"

"Mji mzima unajua isipokuwa mimi."

Kitinda akafikiri. Alisema polepole ili mdomo wake usomeke. "Ngoma yako inaanza na mkia. Unasikia mvumo unatoka mbali, haujulikani ni wa nini. Unakuja, unavimba. Halafu pale ulipopiga fimbo, unakatika. Kama mtu anavuta pumzi ndefu halafu haitoi."

"Mbaya?"

"Mungu anisamehe, ni mzuri. Unatisha kidogo, lakini mzuri."

Kaka aliigeuzageuza skrubu mkononi. "Basi ningependa kuusikia," akasema.

Kitinda alimnyang'anya ile skrubu, akairudisha kwenye stendi yake.

Profesa hakukubali kirahisi Kaka apige, na haki yake alikuwa nayo. Alisema ukumbini kuna giza, kuna moshi, kuna taa zinazowaka na kuzimika, na Kaka akimpoteza Kitinda machoni hata kidogo, bendi nzima imetumbukia kisimani kweli. Kitinda akamwambia hatampoteza, kwa sababu yeye atasimama mbele ya ngoma, amemwelekea Kaka, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Uwape watu mgongo?" Profesa akashangaa. "Usiku mzima? Huo ni utovu wa adabu."

"Hao watu sikuzaliwa nao tumbo moja."

Profesa, labda kwa kuwa mambo ya sanduku bado yalikuwa yanamuuma, akasema, "Haya." Kitinda akaona mlango uko wazi, akaingiza na lile swali lake la zamani: anayegonga ni nani? Profesa akafuta miwani kwa muda mrefu. "Sijui," akakiri. "Nilidhani tukimaliza kurekodi nitajua."

Ukumbi ulijaa. Mama alikaa safu ya mbele na kitambaa chake kipya, mafundi cherehani wakajaza safu nzima nyuma yake. Kitinda alitembea mpaka mbele ya ngoma, akawapa watu mgongo, akasikia mnong'ono ukipita ukumbini. Masikio yalimwaka moto. Alinyanyua kidole cha kati juu kuliko ilivyohitajika ili kionekane, na Kaka akaingia.

Walikwenda vizuri mpaka katikati ya "Maji". Hapo mtu wa taa, bila kumuuliza yeyote, aliona kisima kinafaa giza, akaanza kuzizima moja baada ya nyingine. Kitinda aliona macho ya Kaka yakipanuka, yakitafuta vidole. Kona ilikuwa inakuja. Akasogea, akasogea tena, mpaka goti lake likaegemea ngoma kubwa, akawa anahesabu kwa goti: saba, saba, kumi na moja. Kaka aliinamisha kichwa. Kona wakaikata pamoja, gizani, na pumzi ya Kimya iliyokuwa imekwama ikasikika ikitoka.

Besi ikafika mahali pake pa kuondoka, ikaondoka. Ikabaki ngoma. Kaka aligonga peke yake, polepole, bila kumhitaji mtu, na aliacha pale alipotaka kuacha. Sauti moja kutoka nyuma ikauliza, "Mbona mmeugeuza?" na makofi yakafunika kila kitu. Wapo waliotoka wakilalamika kwamba wimbo umeharibiwa.

Gazeti lilitoka siku iliyofuata. Kaka alilisoma jikoni kwa mama, kwa sauti kubwa kuliko jiko lilivyohitaji, maana siku hizi hakuwa na kipimo cha sauti yake. Kitinda alikuwa anaosha vyombo kwenye sinki. Mwandishi aliisifu Kisima, akasema nguzo yake ni mpiga ngoma, mtu mwenye sikio ambalo nchi nzima haina la pili. Kaka alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaendelea kusoma, na sauti ikapungua kidogo. Mpiga besi, mwandishi alisema, ana kipaji lakini hana adabu. Amewadharau waliokuja kumwona, na asipojirekebisha watu hawatamsamehe.

Kaka alikunja gazeti. "Wakikuchukia je?"

"Wao wana masikio," Kitinda akajibu, mikono ndani ya povu. "Uso wangu wanautakia nini?"

Nyuma yake kukawa kimya. Alisugua sahani nyingine kabla hajatambua. Akaiacha sahani, akajipangusa mikono, akageuka, na akajibu tena.